Bastola ya mfukoni: nilichotafuta ni inayolia kila mara

Kina mama wa Kiswahili huku Texas, tangu wajue kwamba nina bastola, wananiuliza swali moja: ni ipi nzuri? Wanataka jina, kesho wakanunue. Nawaelewa. Ukifunga duka saa nne usiku, uko peke yako na mauzo ya siku yako mkobani, unataka jibu fupi. Lakini jina ni sehemu ndogo ya jibu, na nitaeleza kwa nini, kwa urefu kidogo, maana hili ni jambo la roho za watu na halitaki papara.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nina duka la vyakula kusini-magharibi ya Houston, upande wa Bissonnet, ambako Mwafrika hakosi cha kununua: unga, dagaa, mchele, mawese, viungo, vitenge. Nina umri wa kuitwa bibi, na vidole vyangu vina baridi yabisi. Duka na vidole, hivyo viwili ndivyo vilivyoamua karibu kila kitu nitakachosimulia.

Wanaume karibu wote niliowauliza waliniambia ninunue bastola ya 9mm (huo ni upana wa risasi yake), maana ndiyo wanayobeba polisi wengi wa Marekani. Hoja yao naiheshimu. Ila bastola ya 9mm iliyo ndogo kiasi cha kuingia mfukoni ina springi ngumu na inarusha mkono juu. Niliishika dukani, nikajaribu kuikoki, slaidi (ile sehemu ya juu inayovutwa nyuma) ikarudi robo tu kisha ikaniponyoka. Muuzaji, kijana mstaarabu, akaikoki yeye na kunirudishia. Nikaiweka juu ya kioo. Silaha ambayo siwezi kuikoki mwenyewe ningeinunua ya nini?

Aliyeniweka sawa ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliyetumikia jeshi la Marekani miaka mingi kabla ya kustaafu. Aliniambia, "Shemeji, habari ya ukubwa iache kwanza. Jiulize hivi: nikivuta, italia? Nikivuta tena, italia tena? Ukishakuwa na uhakika na hayo mawili, ndipo tuzungumze mengine." Maneno hayo nimeyashika mpaka leo. Bastola ndogo hainunuliwi kwa ajili ya kupigana vita. Mtu akitaka pesa za duka nampa, pesa zinatafutwa. Bastola ni ya pale ambapo hataki pesa tena, na pale hakuna nafasi ya kuihangaikia.

Kabla sijaingia kwenye vyuma, niseme la sheria, maana wenzetu wengi wanateleza hapo. Sheria ya shirikisho hapa Marekani, kwa kawaida, haimruhusu mtu mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kumiliki bunduki wala risasi. Ziko tofauti chache, kama mwenye leseni ya uwindaji, na hizo ni za kuulizia kwa mwanasheria, usizisikie kijiweni. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, raia anaruhusiwa. Dukani unajaza fomu namba 4473, jina lako linapelekwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, na kwa kawaida bastola huuziwi kama hujafika miaka 21. Kwa asiye raia, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kumfukuzisha nchini hata kama ana kadi ya kijani. Hapa Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea asiye na kizuizi cha kisheria anaweza kubeba bastola bila leseni. Mimi leseni niliitafuta hata hivyo, kwa sababu darasa lake linakufundisha maana ya mabango ya 30.06 na 30.07 milangoni, yanayokataza silaha iliyofichwa na iliyo wazi, na lile la asilimia 51 kwenye baa, ambako ukiingia na silaha umevunja sheria. Nawasihi wenzangu mlisome darasa hilo.

Sasa risasi. Za bastola za mfukoni zilizo ndogo kweli kwa kawaida ni nne: .22 LR, .25 ACP, .32 ACP na .380 ACP (namba ni upana wa risasi kwa inchi, herufi ni jina la aina yake). Ya kwanza ni ya mwaka 1887. Hizo tatu nyingine zote zilitoka kwenye kichwa cha mtu mmoja, John Moses Browning: ya .32 ilikuja na bastola ya FN, kiwanda cha Ubelgiji, mwishoni mwa karne ya 19, ya .25 mwaka 1905, na ya .380 mwaka 1908 kupitia Colt. Nataja miaka hii ili ujue kwamba tatizo la bastola ndogo inayoaminika halijaanza leo. Na anayedhani ndogo ni mchezo akumbuke Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914: Gavrilo Princip alikuwa na bastola ya FN ya mwaka 1910, ya risasi ya .380, akamuua nayo mrithi wa ufalme wa Austria, na dunia nzima ikaingia vitani. Kifaa hiki kinaua. Mtu asiyekichukulia hivyo asikinunue.

Kilichonifungua macho ni tofauti iliyopo kati ya .22 na wenzake. Risasi yoyote ina fataki, kemikali inayowaka ikigongwa na pini, nayo ndiyo inayowasha baruti. Kwenye .25, .32 na .380, fataki imewekwa katikati ya kitako cha ganda, ndani ya kikombe chake. Kwenye .22 hakuna kikombe. Kemikali imezungushwa ndani ya ukingo mwembamba wa kitako, na pini inagonga ukingo huo. Kama mahali pini ilipogonga kemikali haikufika vizuri, unasikia "tik" na basi.

Hili nililiona kwa macho yangu kwenye uwanja wa shabaha. Tulikuwa na bastola ndogo ya .22 ya kukodi. Nilivuta, haikulia. Shemeji akaniambia nisiondoe mdomo wa mtutu kwenye shabaha, tuhesabu nusu dakika, maana risasi iliyogoma yaweza kuwaka kwa kuchelewa. Kisha akaitoa risasi ile na kuniwekea kiganjani. Kwenye ukingo kulikuwa na alama ya pini, imezama vizuri kabisa, kazi ya bastola ilikuwa imefanyika. Akairudisha chemba (tundu la mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kulia) akiwa ameigeuza, ili pini igonge upande wa pili wa ukingo. Ikalia. Bastola haikuwa na kosa, kosa lilikuwa ndani ya risasi, na jicho haliwezi kuliona. Tangu hapo sikuhitaji mtu wa kunieleza kwa nini Browning alijisumbua kutengeneza .25, ambayo kwa nguvu haiipiti sana .22 ikitoka kwenye mtutu mfupi. Alichokuwa akitafuta ni fataki ya katikati, na ganda lililonyooka linaloingia chemba bila ubishi.

Sisemi .22 haifai. Risasi zake ni nafuu kuliko zote, hazirushi mkono, na mtu mwenye vidole kama vyangu anaweza kufanya mazoezi asubuhi nzima bila kuumia. Viwanda navyo vinajitahidi: ziko risasi zilizotengenezwa vizuri zaidi, kama CCI Mini-Mag, na Federal wana .22 waliyoibuni makusudi kwa ajili ya mitutu mifupi ya kujilinda. Ukichagua .22, nunua hizo, achana na zile za kumwagwa kwenye boksi kubwa kama karanga. Ila mimi nilikuwa natafuta jibu la swali la shemeji.

Njia mojawapo ya kukwepa ugomvi huo ni rivolva. Risasi ikigoma, unavuta tena na silinda inaleta nyingine. Ruger LCR ya .22 inabeba nane. Nikaijaribu kwa matumaini makubwa. Lakini kifyatulio cha rivolva ya .22 ni kizito, kwa sababu ukingo wa ganda unataka pigo la nguvu ili uwake. Kidole changu cha shahada kilikuwa kikitetemeka kabla nyundo haijaanguka, na shabaha ikawa inahama. Kwa mwenye vidole vizima ningesema aifikirie sana. Mimi niliiacha.

Kisha nikashikishwa Beretta 21A, wanayoiita Bobcat. Hii naipenda mpaka leo ingawa siyo niliyonunua. Unasukuma kitufe kidogo ubavuni, mtutu unainuka wenyewe kwa nyuma, unatia risasi chemba kwa vidole, unaufunga. Slaidi huigusi kabisa. Kwa mwenye baridi yabisi, hiyo ni rehema. Kuna la kujua lakini: haina kucha ya kuvutia ganda. Ganda tupu linasukumwa nje na shinikizo la gesi peke yake. Maana yake risasi ikigoma, kuvuta slaidi hakukusaidii, lazima uinue mtutu na kuitoa kwa ukucha. Ukiunganisha hilo na tabia ya risasi ya .22, ndiyo sababu niliirudisha mezani. Dada yake mkubwa, Tomcat, ni ya .32 na ina mtutu huohuo wa kuinuka. Ni nzito zaidi, na Beretta wenyewe wameweka kikomo cha nguvu ya risasi za kutumia ndani yake. Anayeinunua asome kitabu chake cha maelekezo, asijaze risasi kali kwa kudhani anaiongezea heshima.

Hapa niseme kidogo juu ya bastola za bei ya chini, kwa kuwa ndizo zinazowatega wengi wetu. Mwaka 1968 Marekani ilipitisha sheria iliyobana uingizaji wa bastola ndogo kutoka nje. Hata Walther PPK ya Ujerumani ilikatazwa kwa sababu ya udogo wake, ikabidi watengeneze PPK/S yenye fremu (mwili wa chini) ndefu zaidi ili ikubalike. Lakini sheria ile iligusa zinazotoka nje tu. Kusini mwa California vikachipuka viwanda vya kutengeneza bastola ndogo kwa aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, kuanzia Raven ya .25 mwaka 1970. Zilitengenezwa kwa wingi mno, na bado zinazunguka kwenye maduka ya rehani. Duka moja la rehani lilinitolea .25 ya zamani kwa bei ya viatu. Shemeji aliishika, akaitikisa, slaidi ikawa inacheza huku na huku juu ya fremu. Akamshukuru muuzaji na kuirudisha. Nyingi za bastola hizo za kale hazina kizuizi cha pini: zikianguka huku risasi iko chemba, zinaweza kulia zenyewe. Zipo zinazofanya kazi, sikatai, lakini kuitia mfukoni mwangu siwezi. Hata ukinunua ya kisasa iliyotumika, angalia namba yake kwa mtengenezaji. Oktoba 2008 Ruger waliziita kiwandani bastola zao za LCP za mwanzo wazirekebishe, kwa sababu hiyohiyo ya kuanguka, na kazi hiyo waliifanya bure. Anayenunua iliyotumika hawezi kujua kama mwenye mali aliitikia wito ule.

Nilipofika kwenye .380, nilidhani nimefika nyumbani. Ndiyo yenye nguvu kuliko zote nne, na bastola zake ni nyingi: Ruger LCP, Bodyguard ya Smith & Wesson, na nyingine. LCP ina kama gramu 270 bila risasi. Wepesi huo ni raha mfukoni na adhabu mkononi. Baada ya magazini chache (magazini ni kile kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mpini) kiganja kilianza kuwaka, na nikagundua nafumba macho kabla ya kuvuta. Mtu anayefumba macho hapaswi kuwa na risasi inayotoka. Ilikuwepo pia Shield EZ ya Smith & Wesson ya mwaka 2018, iliyobuniwa mahsusi kwa watu wa mikono dhaifu, na kweli slaidi yake niliivuta bila kukunja uso. Lakini ina zaidi ya nusu kilo na ni ndefu, ni bastola ya kiunoni. Mimi navaa dera. Kiuno cha kufungia mkanda nakipata wapi?

Nikaangukia .32. Na hapa ndipo niliposoma kitu ambacho wauzaji wawili watatu hawakuniambia. Katika bastola nyingi ndogo, kinachoizuia slaidi isirudi nyuma mapema ni uzito wake pamoja na springi, basi. Kwa hiyo ikiwa nyepesi, springi lazima iwe ngumu, na ugumu ule ndio unaoshinda vidole. Lakini ziko ambazo mtutu na slaidi vinafungana kwa muda mfupi risasi inapolia, vinarudi pamoja hatua ndogo, kisha vinaachana. Hizo hazihitaji springi kali. Kel-Tec P-32 imejengwa hivyo. Ina kama gramu 190 bila risasi, nyembamba, risasi saba kwenye magazini. Nilipoivuta slaidi mara ya kwanza nilidhani imeharibika, kwa ulaini. Shemeji alicheka, akanipa tena, nikaikoki tena na tena pale pale kwenye kaunta kama mtoto aliyepewa kitu kipya. Ikilia, mkono unasukumwa kidogo tu na macho yanabaki wazi.

.32 ina ugonjwa wake, na ni lazima uujue. Ukingo wa kitako cha ganda lake umetokeza nje kidogo kuliko mwili wa ganda. Shemeji aliniketisha mezani na risasi za bandia, zile za mazoezi zisizo na baruti, akanionyesha. Zikipangwa sawa kwenye magazini, ukingo wa risasi ya juu unakaa mbele ya ukingo wa ile ya chini. Ya juu inateleza kwenda mbele, safi. Kisha akaibonyeza moja kwa makusudi mpaka ukingo wake ukaingia nyuma ya ule wa chini. Akaniambia nisukume. Nilisukuma kwa dole gumba, haikusogea hata uzi. Ikitokea hivyo usiku, huna bastola tena mpaka utoe magazini na kuichokoa kwa kitu chembamba. Hutokea zaidi kwa risasi zenye kichwa chenye shimo, kwa sababu ni fupi, zinaacha nafasi ndani ya magazini za kurukaruka mbele na nyuma bastola inapopiga teke. Zile ndefu za kawaida, zilizofunikwa shaba kote, zinajaza magazini na hazina pa kuchezea. Ndizo ninazotumia. Na kwa risasi ndogo namna hii kuna faida ya pili: FBI katika vipimo vyao wanataka risasi ipenye kwenye jeli ya majaribio kati ya inchi 12 na 18, yaani kama sentimita 30 hadi 45, na risasi ndogo ikifunguka kichwa mara nyingi inaishiwa nguvu kabla ya hapo. Iliyofunikwa inapita. Kwa sababu inapita, ni wajibu wangu kujua kilichopo nyuma ya ninayemlenga. Duka langu lina ukuta wa matofali nyuma ya friji na kioo upande wa barabara. Nimeshaamua wapi nitasimama na wapi sitavuta kamwe, hata iweje.

Kununua ni mwanzo. Kazi yenyewe ilikuja baada ya hapo. Shemeji alinipa daftari la shule na kuniambia niandike kila risasi: aina gani, magazini ipi, ililia au la, na kama ilikwama, ilikwama vipi. Watu wengi wanaojua silaha wanasema risasi mia mbili za aina utakayobeba zipite bila tatizo kabla hujaiamini bastola ya mfukoni. .32 ni ghali kuliko 9mm ingawa ni ndogo, kwa kuwa haitengenezwi kwa wingi, kwa hiyo jaribio hilo linauma mfukoni. Nililipa. Magazini nilizipa namba kwa kalamu ya rangi, moja na mbili, maana mara nyingi anayekwamisha ni magazini na lawama inaenda kwa bastola. Aina moja ya risasi ilikuwa ikisita kuingia chemba, ganda lake lina mikwaruzo. Daftari likaonyesha wazi kwamba tatizo linafuata boksi lile, popote nilipolitumia. Nikaliacha. Bila kuandika ningebishana na nafsi yangu mwezi mzima.

Mkono nao unaandikwa. Ukilegeza kifundo bastola inapolia, mwili wake wote unarudi pamoja na slaidi, na slaidi haimalizi safari yake. Ganda tupu linabanwa wima dirishani, pale linapotakiwa kutokea. Bastola nyepesi ndizo zenye deko hilo zaidi. Siku vidole vyangu vimevimba naenda uwanjani kwa makusudi, kwa kuwa mtu mbaya hatachagua siku ambayo mimi ni mzima. Nilijifunza kufunga kifundo na kubana kwa mkono wa pili. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka macho yamekubali. Hilo shemeji hakulisamehe hata mara moja, na leo mimi pia simsamehe mtu.

Sasa unga. Sikumsikia mtu yeyote akilizungumza, labda kwa sababu wanaoandika juu ya bastola hawapimi sembe. Mfukoni mwa mtu yeyote kuna vumbi na nyuzi za nguo. Mfukoni mwa mwenye duka la vyakula kuna sembe, bizari na vumbi la dagaa. Vikikutana na mafuta ya bastola vinageuka uji mzito, vinakaa kwenye reli za slaidi na kwenye tundu la pini. Kila Jumapili naifungua, naipiga brashi kavu, naweka mafuta tone moja moja mahali panaposuguana, mengine nafuta. Magazini natoa risasi zote na kuipuliza. Risasi ile ile ukiitoa na kuirudisha chemba mara nyingi, kichwa chake kinaweza kuzama ndani ya ganda, na ikizama shinikizo linapanda. Kwa hiyo iliyokwisha kuingia na kutoka chemba naitia kwenye kopo la mazoezi.

Fundi wa Kikongo aliye mlango wa tatu kutoka kwangu alinishonea mfuko wa jinzi ndani ya dera, upande wa kulia, nikifika nao kwa mkono ulionyooka. Bastola haikai humo tupu. Iko ndani ya ala ya mfukoni, inayofunika kifyatulio chote na yenye mpira nje ili ibaki mfukoni nikivuta. Kitu kingine chochote hakiingii mfuko huo. Si funguo, si chenji, si kalamu. Ufunguo ukipenya kwenye kifyatulio cha bastola isiyo na sefti ya nje, kama hii yangu, inaweza kulia hapo hapo pajani. Mazoezi ya kuitoa nayafanya nyumbani ikiwa tupu, nimeikagua kwa jicho na kwa kidole, na risasi ziko chumba kingine.

Wajukuu wakija, inalala kwenye sanduku la chuma lenye namba za siri, lililofungwa kwa skrubu ndani ya kabati. Sheria ya Texas inamtia hatiani anayeacha silaha yenye risasi bila kuilinda, mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia. Mimi sihitaji sheria iniambie hilo. Mjukuu wangu mdogo anafungua kila droo anayoikuta. Kwenye gari nako kuna kisanduku chenye waya wa chuma uliozungushwa kwenye mguu wa kiti, kwa ajili ya mahali pasiporuhusiwa kuingia na silaha. Bastola iliyoachwa wazi garini inaishia mikononi mwa wale wale unaowaogopa.

Juzi dada mmoja wa Mombasa, mfanyakazi wa usiku kwenye nyumba ya wazee, alikuja dukani na swali lile lile. Alikuwa ameshasikia kwamba nina Kel-Tec na alitaka nayo. Nikamwambia tungoje Jumamosi, twende kukodi. Kule uwanjani aliikoki LCP kama anafungua dirisha, mikono yake imezoea kunyanyua wagonjwa. Akapiga magazini ya kwanza macho wazi, ya pili, ya tatu. Ile .32 yangu alisema ni ndogo mno, kidole chake cha kati hakina pa kushika. Nikamwangalia shemeji, shemeji akatikisa kichwa kukubali. Sasa ana .380 yake mpya na boksi mbili za aina aliyochagua, na tumekubaliana haibebi popote mpaka daftari lijae.